Gari la Katoni na Nasaha Yetu Iliyokosea



Safu hii imezoea kutoa nasaha, na ninyi, Mola awajazi kheri, mmezoea kuzipokea kwa dhana njema. Wiki hii tuna deni. Katika muhula wa pili wa shule tuliulizwa jambo na mtu wetu wa karibu, tukalijibu kwa haraka kabla hata ya kumuuliza maswali mawili matatu. Jibu letu likafuatwa, na likamliza mtoto asiye na kosa. Tunalisimulia hapa kwa idhini ya mamake, kwa kuwa twaamini nyumba nyingi miongoni mwa zenu zina mtoto wa namna hiyo, na pengine zina mama mkubwa mwenye ulimi mwepesi kama wetu.

Binti ya ami yetu aliolewa Nyeri, na huu ni mwaka wa kumi na nane. Anakaa Tetu, magharibi ya mji, kwenye ile migongo ya udongo mwekundu inayopanda kuelekea milima ya Aberdare, kahawa ikiwa upande wa chini na majani chai upande wa juu karibu na msitu. Baadhi yenu mwalijua jina la Tetu kwa sababu ya Wangari Maathai, aliyezaliwa huko katika kijiji cha Ihithe na akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Huyu binti ya ami ni fundi wa kushona. Mumewe alikuwa na matatu moja iliyokuwa ikibeba abiria wa vijijini kuwapeleka mjini Nyeri. Hivi sasa yuko nchi za Ghuba, anaendesha lori la watu wengine. Wana kijana wa miaka kumi na minne na binti wa miaka kumi na miwili.

Alitupigia simu usiku mmoja, sauti imemchoka. "Dada, mtoto huyu amenishinda," alisema. Akaeleza kwamba kijana yuko Gredi ya tisa, mtihani uko mbele yake, naye kazi yake ni kuokota katoni, chupa za plastiki na champali mbovu, na kila jioni kuketi sebuleni akikata na kugundisha vigari. Nyumba imekuwa jaa. Utepe wa kupimia haukai kwenye cherehani. Alama za shule zimeshuka. Nasi, tuliokuwa tumeketi kwenye upepo wa bahari na kikombe cha kahawa mkononi, tulimjibu kwa maneno ambayo hatuyasahau: "Yakusanye yote uyatie motoni. Akilia, atanyamaza."

Sisi ni wakubwa kwake. Alitutii.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofunga, tulipanda kwenda kumtazama. Mtu wa Pwani hafiki Tetu mwezi huo bila kuadhibiwa. Ukungu unashuka toka mlimani alasiri na kuketi juu ya mabati, na buibui letu, ambalo Mombasa tunalilalamikia joto, huko lilikuwa jepesi kama kitambaa cha kuchujia tui. Tulivaa sweta mbili za mwenyeji wetu, moja juu ya nyingine, tukakaa karibu na jiko la makaa.

Kijana alitupokea kwa adabu. Alitubusu mkono, akauliza habari za safari, akatubebea mzigo, kisha akatoka nje asirudi mpaka maghribi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Hatukuelewa mpaka yule binti mdogo alipotujia na kopo la zamani la mafuta ya kupikia, akalimimina mapajani mwetu. Yalikuwa magurudumu manne, meusi, ya ukubwa wa kizibo cha mtungi.

"Hivi ndivyo vilivyobaki, Mama mkubwa," alisema. "Mama hakuvichoma kwa sababu champali ikiungua inanuka."

Tuliyatazama yale magurudumu. Kila moja lilikuwa tabaka tatu za soli ya champali zilizogundishwa pamoja, zikakatwa duara kwa kufuatisha mdomo wa kopo, kisha zikapitishwa msasa mpaka ukingo ukawa laini. Juu ya ukingo huo mtu alikuwa amechonga kwa wembe, mfuo kwa mfuo, kashata zote za tairi. Tulihesabu mifuo ya gurudumu moja, ikafika arubaini na kitu, tukaacha. Mtoto wetu wenyewe, tuliyemnunulia gari la betri siku ya Idi na likavunjika kabla ya Sita Shawali kwisha, hajapata kuketi na kitu chochote kwa muda huo.

"Lilikuwa gari gani?" tuliuliza.

"Matatu ya baba," alijibu, kana kwamba kila mtu analijua hilo.

Basi tukamwomba atufundishe, na alitufundisha vizuri kuliko walimu wetu wa hesabu wa zamani. Katika kazi hii ya kuunda magari madogo jambo la kwanza si gundi wala rangi, ni kipimo. Ile gari ya abiria kumi na wanne ambayo Kenya nzima twaiita "nisani", hata ikiwa ni Toyota, ina urefu wa takriban mita 4.7, upana wa mita 1.7, na kimo kinachokaribia mita 2. Mtengenezaji huchagua atagawa kwa ngapi. Akigawa kwa 10, urefu unakuwa sentimita 47, upana 17 na kimo 20 kasoro kidogo. Akigawa kwa 24, kama zilivyo nyingi katika zile seti za plastiki za kuunganisha zinazouzwa na makampuni kama Tamiya ya Japani, urefu haufiki sentimita 20. Akigawa kwa 64, anapata kigari cha sentimita 7 na nukta kadhaa, kama vile vya chuma vinavyoenea kiganjani. Ndugu hawa wawili walichagua 10, kwa sababu rula ya shule ina sentimita 30 na hesabu yake haihitaji kikokotoo.

Sharti lenyewe ni kwamba kigawanyo kikishachaguliwa hakibadilishwi, si kwa mlango, si kwa taa, si kwa kioo cha pembeni. "Gari la kwanza lilikuwa baya," binti alituambia. "Bodi ilikuwa ya kumi, magurudumu yalikuwa ya kubahatisha. Likawa kama jeneza juu ya vijiti." Gari la pili walilipima kweli. Matatu ya baba ilikuwa imekwisha kuuzwa, kwa hiyo walishuka mpaka steji mjini Nyeri wakatafuta nyingine ya aina ile ile, na utepe wa mama mfukoni. Makanga mmoja aliwafukuza akidhani wanacheza. Mwingine alishika ncha ya utepe mwenyewe, akawaita wenzake, na kwa dakika kumi gari ile haikupakia abiria, watu wazima wanapima bampa. Gurudumu lake lina kipenyo cha takriban sentimita 70. Ndipo yakapatikana haya ya sentimita 7.

Bodi ilijengwa kwa katoni nene kwa sehemu zilizonyooka, na kwa kadibodi nyembamba ya maboksi ya biskuti kwa sehemu zilizopinda, maana katoni nene ukiikunja inavunjika. Vioo vilitoka kwenye chupa za maji. Viungo vilizibwa kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa mbao kutoka kwa seremala, vikaachwa vikauke siku mbili, kwa sababu Tetu hakuna jua la kukausha kitu kwa saa moja, kisha vikapigwa msasa. Taa zilitoka kwenye tochi iliyokufa. Halafu ikaja sehemu ambayo kijana huipenda kuliko zote, na ambayo ndiyo hasa inayotofautisha gari moja na jingine: mapambo. Mstari wa manjano ubavuni, ule uliolazimishwa na kanuni za Waziri John Michuki tangu mwaka 2004, ulipimwa upana wake. Viti kumi na vinne na cha dereva vilikatwa kimoja kimoja. Na kwenye kioo cha nyuma, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kama alivyoziandika msanii wa mjini kwenye gari ya kweli, yaliandikwa maneno DUA YA MAMA.

Hilo ndilo gari tuliloamuru lichomwe.

Babu wa watoto hawa, ambao humwita Guka kama ilivyo desturi ya huko, alikuja kututembelea siku ya tatu. Ni mzee mwenye fimbo na kofia ya sufu, na tulipomweleza tulilokuwa tukizungumza alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtoto wa miaka tisa mwaka 1967. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalikuwa kwa miaka mingi yakikimbiwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, na njia zake zilikuwa zikiizunguka nchi hii ya Mlima Kenya. Peugeot 404 zilishinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Watoto walikuwa wakilala kandokando ya barabara kusubiri gari ipite kwa nukta chache, kisha wakirudi nyumbani kuijenga.

Wao hawakuwa na katoni; walikuwa na waya. Guka alichukua kijiti akatuchorea kwenye vumbi namna walivyokuwa wakifanya. Waya mnene hukunjwa kuwa mfupa wa gari, chini na juu, kwa koleo au kwa meno ukikosa koleo. Waya mwembamba wa kufungia nondo huzungushwa kwenye viungo. Ekseli ya mbele haifungwi pande mbili. Hushikwa katikati mahali pamoja, ili iweze kugeuka. Kutoka hapo unapanda waya mrefu au ufito kupitia paa la gari mpaka kwenye kifua cha mtoto, na juu yake duara la usukani. Mtoto hutembea nyuma ya gari lake amesimama wima, akizungusha usukani, na ncha ya chini iliyopindwa husukuma ekseli kulia au kushoto. Injini ni mdomo. Magurudumu yalikuwa vizibo, au vifuniko vya kopo vilivyovishwa utepe wa tiubu ya baiskeli ili visiteleze kwenye miteremko, na miteremko ya Tetu, tunawahakikishia, si ya mzaha.

"Na ukimaliza," alisema Guka, "unalipaka matope. Gari lisilo na matope halikwenda Safari."

Kila kijana alikuwa na dereva wake. Kulikuwa na kina Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Walipokuwa wadogo zao ndio wenye waya, ilikuwa zamu ya Shekhar Mehta na Datsun, aliyeshinda mwaka 1973 na kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wadogo hao waliandika namba ya gari lake ubavuni kwa mkaa. Guka alikiri, bila ya kuulizwa, kwamba waya wake wa kwanza aliukata kwenye ua wa shamba la kahawa na akachapwa na baba yake na mwenye shamba, kila mmoja kwa zamu yake. Tunalitaja hili kwa wazazi ambao watoto wao wataanza kesho. Waya uombwe kwa mafundi wa ujenzi, ambao kila jioni huacha vipande chini. Wa ua una mwenyewe, na wa stima na simu usiguswe hata ukiwa umelala chini.

Baada ya mzee kuondoka tulikaa tukifikiri juu ya unafiki wetu wenyewe. Kwetu Pwani mtoto akichukua kumbi la nazi akalifanya kidau, akalisimikia kijiti na tanga la karatasi, twasema huyu atakuwa nahodha. Lamu mafundi huchonga majahazi madogo yenye mlingoti na foromali, na wageni huyabeba kwenda nayo ng'ambo, nasi twaona ni fahari ya mji. Lakini mtoto wa bara akiunda kwa katoni chombo anachokijua yeye, chombo kilichomlisha na kumsomesha, tunaita takataka. Tofauti ni ipi, ila kwamba kimoja kina tanga na kingine kina gurudumu?

Jirani mmoja, kwa nia njema, alikuwa pia amemtia binti ya ami shaka kwamba huenda huku ni kutengeneza sanamu. Shaka hiyo tulimwondolea palepale. Wanavyuoni waliokataza taswira walikusudia viumbe vyenye roho, na gari halina roho. Na hata katika vya watoto vyenye umbo la kiumbe, imepokewa kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na farasi mdogo wa kuchezea mwenye mabawa mawili ya viraka vya nguo, na Mtume, rehma na amani zimshukie, alipomuuliza juu ya farasi mwenye mabawa naye akamjibu kwa kuwataja farasi wa Nabii Suleiman, alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Tulipolieleza jambo hilo, binti mdogo hakuuliza hukumu. Aliuliza mabawa hayo yalishonwa au yaligundishwa.

Vigari vya chuma vya kiganjani navyo vina hadithi ya nyumbani. Katika mji wa London, fundi mmoja jina lake Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake ilimruhusu mtoto kuleta kichezeo kile tu kinachoenea ndani ya sanduku la kiberiti. Baba akamtengenezea kijigari cha kushindilia barabara, kidogo hivyo. Wenziwe shuleni wote wakakitaka. Mwaka 1953 kampuni yake, Lesney, ikaanza kuviuza kwa jina la Matchbox, yaani kiberiti, na vikaenea dunia nzima. Lililoanzisha yote ni mzazi aliyeketi na kupima kisanduku.

Usiku wa mwisho wa wiki ile, watoto walipolala, tulimwomba radhi binti ya ami. Tulimwambia hatukujua kilikuwa kitu gani, na lau tungalijua tusingalisema tulilosema. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano karibu na taa. Hakuinua macho.

"Ninyi hamkujua, dada," alisema. "Mimi nilijua."

Kisha akaeleza lile ambalo simu yake haikueleza. Matatu ile ilinunuliwa kwa mkopo. Baada ya injini kufa mara mbili katika mwaka mmoja, mkopo ukazidi mapato, ikauzwa kwa bei ya hasara, na kilichobaki kikalipia safari ya mumewe ya Ghuba. Siku ilipochukuliwa alisimama mlangoni mpaka ikapotea kwenye kona. Alishukuru kwamba haioni tena. Halafu, miezi sita baadaye, akaanza kuiona ikiota juu ya meza ya sebuleni: leo bampa, kesho mlango, keshokutwa maandishi ya kioo cha nyuma. Kila akipita kutoka jikoni aliipita. Alipotupigia simu hakuwa akitaka nasaha, alikuwa akitafuta mtu wa kumruhusu.

"Mwanangu alisimama akitazama, hakusema neno," alituambia. "Lau angalipiga kelele ningaliacha."

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulikaa kimya, na makaa yakawa majivu.

Asubuhi yake, bila ya kushauriana nasi, alimwita kijana akamwambia kwamba anataka gari lijengwe tena, na kwamba safari hii viti viwe sawa. Kijana alisema viti vilikuwa sawa, alivipima. Mama akasema vipimo vilikuwa sawa lakini vitambaa havikuwa. Alivipaka rangi ya kahawia, na yeye ndiye aliyevishona vile vya kweli, na vilikuwa vyekundu vya damu ya mzee na mshono mweupe. Akafungua mfuko wa vibaki chini ya cherehani, akapekua, akatoa kipande kisichozidi shubiri mbili. Kilikuwa ndicho. Alikuwa amekiweka.

Tangu hapo mambo yalipangwa, na tunayataja kwa wale watakaotaka kujaribu. Gari halijengwi siku za shule. Linajengwa Ijumaa baada ya alasiri na Jumamosi. Wembe hautumiki bila ya ubao chini yake, na rula ya kuuongoza ni ya chuma, kwa sababu ile ya plastiki huliwa na wembe na wembe ukahamia kwenye kidole. Kijana ana kovu la kutuonyesha. Rangi ya kupuliza hupulizwa nje, upepo ukiwa mgongoni, kamwe si karibu na jiko. Utepe wa mama una mwenyewe, na watoto walinunuliwa wao. Takataka zina kisanduku kimoja, kikijaa hakiongezwi kingine. Na binti ndiye mshika hesabu. Hakuna kipande kinachokatwa kabla yeye hajaandika kipimo cha kweli upande mmoja wa daftari na kipimo kilichogawanywa upande wa pili. Daftari hilo tuliliona. Laiti mwalimu wake wa hisabati angaliliona pia. Sisi, tunakiri, tulikuwa tumedhani mwanzoni kwamba anamshikia kaka yake gundi.

Alama za kijana zimepanda? Mtihani bado haujafika, na hatutawaahidi lolote. Mama bado ana wasiwasi, na ana haki ya kuwa nao. Jumamosi moja tulimkuta kijana amejificha nyuma ya banda la ng'ombe akipiga msasa ilhali alipaswa kuwa anasoma, naye alituomba tusimsemee. Tulimsemea.

Siku ya kuondoka kwetu bodi ilikuwa imesimama bila ya paa. Viti sita vilikuwa vimekwisha kuvishwa, na mshono wake mweupe ulikuwa mdogo kiasi kwamba tulihitaji miwani. Baba alipiga simu ya video baada ya isha, akiwa chumbani na wenzake wanne, nao wote wakaja kutazama. Kijana aliizungusha gari taratibu mbele ya simu. Baba alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema imekosa kitu. Nyuma, kona ya kushoto, chini ya taa, palikuwa na bonyeo.

"Lilikuwa kubwa kiasi gani?" binti aliuliza, kalamu mkononi.

"Shubiri moja hivi."

"Sentimita ishirini. Basi mbili," alisema, akaandika.

Kijana hakutaka. Kona ile alikuwa ameipiga msasa siku tatu. Mama naye alikuwa ameinamia kiti cha saba, na hakuunga mkono upande wowote, mpaka baba akacheka kule alikokuwa na kuuliza kama watoto waliwahi kuambiwa nani aliyeigonga gari kwenye nguzo ya lango, siku alipokuwa akifundishwa kurudi nyuma.

"Shona, mama," kijana alisema, "usituangalie sisi."

Tulipopanda gari ya kurudi Mombasa shauri la bonyeo lilikuwa bado halijakatwa.